Mshale wa presha ya dizeli unarukaruka: usinunue pampu kwanza

Swali: Shikamoo fundi. Nina Freightliner Columbia yenye injini ya Detroit Series 60, naendesha mwenyewe Dar kwenda Tunduma. Mwaka jana nilifungiwa geji ya presha ya dizeli kwenye dashibodi. Ni ya umeme, sensa yake iko kwenye kichwa cha filta. Siku za karibuni mshale haueleweki. Gari likiwa sailensi (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta) unatetemeka. Nikipanda Kitonga na mzigo unashuka taratibu mpaka karibu na 20, nikifika juu unapanda tena. Na mara nyingine, hata barabara ikiwa tambarare, unaruka ghafla mpaka mwisho wa geji halafu unarudi. Mlimani naona nguvu imepungua kidogo, lakini gari halizimi. Fundi wa Makambako kasema pampu imekwisha, nilete hela ya mpya. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Hiyo hela ya pampu ibaki mfukoni kwanza. Pampu inaweza kuwa mbovu kweli, lakini kwa uliyoniandikia hakuna aliyeithibitisha.

Umelieleza kama tatizo moja, lakini mshale wako unafanya mambo matatu. Unatetemeka sailensi, unashuka taratibu mlimani, na unaruka mpaka mwisho bila sababu. Huo mruko hauhusiani na mafuta. Presha ya kweli haipandi mpaka mwisho na kushuka kwa kufumba na kufumbua wakati gari liko kwenye mwendo ule ule. Huo ni umeme. Kutetemeka mara nyingi ni mapigo ya kawaida ya mafuta yanayoifikia sensa bila kitu cha kuyatuliza. Kule kushuka Kitonga ndiko kunakonitia wasiwasi, kwa sababu kunakwenda pamoja na nguvu kupungua. Lakini tuanze na umeme, maana huwezi kuamini ile 20 ya mlimani wakati geji hiyo hiyo inakudanganya kwenye tambarare.

Kwanza jua una geji ya aina gani. Sensa nyingi za Kimarekani zinasoma karibu ohm 240 (ohm ni kipimo cha ukinzani wa umeme) presha ikiwa sifuri, na zinashuka mpaka karibu 33 presha ikijaa. Sensa za mtindo wa VDO, wa Kijerumani, ni kinyume chake: karibu ohm 10 kwa sifuri na karibu 180 kwa kujaa. Hapa ndipo mafundi wengi wanapotea, kwa sababu waya ule ule ukikatika, geji moja inalala sifuri na nyingine inapanda mpaka mwisho. Kwako inapanda mpaka mwisho. Kama geji ni ya Kimarekani, waya wa sensa unagusa bodi mahali fulani. Kama ni ya VDO, waya umekatika ndani au kiunganishi kimelegea.

Kujua ni ipi ni kazi ya dakika chache. Washa swichi bila kuwasha injini, chomoa waya kwenye sensa, mtu akae ndani akuangalizie mshale. Ukilala sifuri, ni ya ohm 240. Ukipanda mpaka mwisho, ni VDO. Kisha gusisha ncha ya ule waya kwenye chuma safi cha injini: mshale unapaswa kwenda upande wa pili. Ukitii kote kuwili, geji na waya ni wazima kwa wakati huo. Nasema kwa wakati huo kwa sababu hitilafu yako inakuja na kuondoka. Rudisha waya, mwache utingo aendelee kuangalia mshale, wewe upite na mkono kutoka kwenye sensa mpaka kwenye dashibodi ukiukunja na kuuvuta waya kidogo kidogo. Angalia sana pale unapopita kwenye ukuta wa kabini, pale kabini inapocheza juu ya springi zake, na popote ulipofungwa pamoja na paipu ya moto. Waya uliofungwa mwaka jana juu juu, bila kuvishwa mpira wa kinga, mwaka mmoja wa barabara hiyo unatosha kabisa kuuchuna mpaka shaba ionekane.

Kama ukiwasha swichi tu, injini haijawaka, mshale umeshasimama juu, basi uliuziwa geji ya aina moja na sensa ya aina nyingine. Kwa hadithi yako sidhani ni hivyo, ila kuna ndugu yake ambaye haonekani kirahisi: sensa ya mpaka psi 100 (psi ndicho kipimo cha presha cha geji hizi) iliyofungwa na geji ya mpaka 150. Hapo mshale unakwenda na kurudi vizuri kabisa, ila namba zote ni za uongo. Soma maandishi kwenye mwili wa sensa ulinganishe na uso wa geji.

Baada ya waya, ethi, yaani njia ya umeme kurudi kupitia chuma cha gari. Sensa ya waya mmoja inapata ethi yake kupitia meno yake ya kufungia kwenye chuma ilikofungwa. Fundi akizungushia ule utepe mweupe wa mafundi bomba ili isivuje, na kichwa cha filta kikiwa kimepakwa rangi, ethi inakuwa ya kubahatisha. Kwenye geji ya ohm 240 ethi mbovu inafanya presha isomeke ndogo kuliko ilivyo, kwenye VDO inasomeka kubwa. Funga waya mfupi kutoka kwenye mwili wa sensa, pale spana inaposhika, moja kwa moja mpaka kwenye bloku ya injini. Upande wa dashibodi, jioni washa taa kubwa, kisha indiketa, uangalie kama mshale unacheza nazo. Ukicheza na indiketa, geji imeunganishwa ethi na taa. Itafutie ethi yake peke yake. Na hakikisha geji ni ya volti 12. Freightliner ni 12, wakati malori mengi ya Ulaya barabarani kwetu ni 24, na madukani geji za aina zote mbili zinawekwa kapu moja.

Kinachobaki ni sensa yenyewe. Ndani yake kuna kidole kidogo kinachotembea juu ya njia ya waya mwembamba. Sensa ikifungwa kwa nipeli ya chuma moja kwa moja kwenye injini inatikiswa mchana na usiku, na mapigo ya mafuta yanakifanya kidole kichakae pale kinapokaa muda mrefu. Matokeo yake mshale unaruka kila presha inapopita mahali hapo. Chomoa waya, weka mita ya ohm kati ya ncha ya sensa na mwili wake, injini ikiwaka, kisha panda na kushuka mafuta polepole. Namba zinapaswa kutembea bila kukatika. Zikipotea ghafla halafu zikarudi, tupa sensa.

Hapo hapo tumefika kwenye kutetemeka. Pampu ya gia inasukuma mafuta kwa vipande, na kila nozeli inapomaliza kupiga inayarudisha kwa kishindo kwenye njia ile ile. Mshale kutetemeka kidogo sailensi si ugonjwa. Ukitetemeka sana, iondoe sensa kwenye kichwa cha filta, uifunge kwenye chesisi kwa hosi fupi ya mpira inayostahimili dizeli na presha, na kabla ya sensa weka kipunguza mapigo, kile kipande chenye tundu dogo sana katikati, au vali ndogo ya sindano. Vali ya sindano usiifunge mpaka mwisho. Funga mpaka mshale utulie, kisha fungua kidogo. Ukiifunga kabisa, presha inanaswa upande wa sensa na geji itaendelea kukuonyesha 60 tulivu wakati injini inakufa njaa.

Sasa Kitonga. Ili kuijua presha ya kweli, tafuta geji ya mkono, isiyo ya umeme, ya psi 0 mpaka 100, uifunge kwa kiunganishi cha T pale pale sensa ilipo. Kuna wanaoshauri kuvuta paipu ya geji hiyo mpaka ndani ya kabini ili dereva aione njiani. Mimi sikubali hilo. Paipu ya dizeli yenye presha ikipasuka mbele ya miguu yako, juu ya nyaya za dashibodi, hutajali tena mshale unasoma ngapi. Ifunge kwenye injini, boneti wazi, gari limesimama, isome hapo. Kama inasoma sawa na geji yako ya dashibodi sailensi na kwenye mizunguko 1,800 kwa dakika, basi ile 20 ya mlimani nayo unaweza kuiamini.

Kwenye Series 60 nzima, tegemea psi 50 au zaidi ikiwa kwenye mizunguko 1,800. Sailensi inakuwa chini ya hapo, na hilo ni kawaida. Nimelisisitiza kwa sababu mtandaoni utakutana na Wamarekani wakiapa kwamba psi 15 ni presha nzuri kabisa. Hao wanazungumzia pikapu za Dodge Ram zenye injini ya Cummins ya lita 5.9, zile za kuanzia katikati ya 1998 mpaka 2002 zenye pampu ya Bosch VP44. Kwao geji hii ni lazima, kwa sababu VP44 inapozwa na kulainishwa na dizeli inayopita ndani yake, na pampu ndogo inayoilisha ikilegea, VP44 inakufa nayo. Ushauri wao kuhusu mshale unaotetemeka unakufaa, lakini namba zao usizilete kwenye Detroit.

Jambo la pili kabla hatujatafuta mchawi: ukiwa unapanda, mizunguko ilikuwa mingapi? Pampu yako inazungushwa na injini. Ukiiacha injini ishuke kutoka 1,800 mpaka 1,200 ndipo ubadilishe gia, presha itashuka nayo hata kama kila kitu ni kizima. Safari ijayo soma geji mbili kwa pamoja, ya mizunguko na ya presha. Kama kwenye 1,600 tambarare unapata 55 na kwenye 1,600 ile ile mlimani unapata 20, hapo tuna kesi.

Kesi ikiwepo, mimi naanza upande wa kunyonya, kati ya tangi na pampu. Upande huo hauna presha, unavutwa, kwa hiyo ukitoboka hauvuji dizeli nje. Unaingiza hewa, na huoni hata tone. Ni kama kunywa soda kwa mrija wenye ufa. Chukua kipande cha hosi angavu, kile cha plastiki kinachoonyesha ndani, ukiingize kati ya filta ya kwanza na pampu, washa injini, iache iungurume mpaka hewa uliyoingiza wakati wa kufunga iishe, kisha kanyaga mpaka 1,800 uangalie. Vipovu vichache vidogo vikija na kwenda si hoja. Ukiona mnyororo wa vipovu usiokatika, hewa inaingia kabla ya hapo. Angalia gasketi ya filta ya kwanza, mara nyingi ya zamani imebaki imeng'ang'ania juu na mpya ikawekwa juu yake. Angalia kiguduria cha kutolea maji chini ya filta na kizibo chake, pampu ya mkono kama ipo, na kila klampu ya hosi. Hosi zenyewe zinyonge kwa vidole. Iliyooza ndani inajifunga inapovutwa kwa nguvu, halafu ukizima inarudi kuwa duara nzuri kabisa mbele ya macho yako.

Hosi angavu ikionyesha dizeli safi bila hewa, basi tafuta kizuizi. Filta ya kwanza iliyoziba ndiyo mtuhumiwa wa kwanza, na inaeleza vizuri kwa nini tambarare gari linavumilia na mlimani linalia. Fundi mwenye geji ya kupimia mvuto aipachike kabla ya pampu: kwa injini hii mvuto ukivuka inchi 12 za zebaki kwenye mizunguko ya juu, kuna kitu kimebana. Halafu kuna tundu la hewa la tangi, ambalo watu hawalitazami kabisa. Ukifika juu ya Kitonga, presha ikiwa imeshuka, simama mahali salama ufungue kifuniko cha tangi. Kikivuta hewa kwa mlio wa kufyonza, tangi lilikuwa linajinyonga lenyewe, na dawa yake ni kusafisha tundu lililojaa vumbi na grisi.

Hujaniambia huwa unafika Ruaha Mbuyuni na mafuta kiasi gani. Kama unapanda na tangi chini ya robo, dizeli yote inakimbilia nyuma, na mrija wa kunyonya ukiwa umechongwa mfupi au una ufa juu, unanyonya povu. Unafika juu, gari linakaa sawa, mrija unazama tena, mshale unapanda. Hiyo inafanana sana na maelezo yako. Jaza tangi Mikumi mara moja uone kama Kitonga inabadilika. Na ukanda ule ni wa joto. Dizeli iliyokwishazungushwa kwenye injini inarudi tangini ikiwa ya moto, na tangi likiwa na mafuta kidogo yote yanapata moto haraka. Dizeli ya moto ni nyepesi, inapenya kwenye gia za pampu badala ya kusukumwa. Iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa inafanya hivyo hivyo hata ikiwa baridi. Mchezo huo ulipata breki EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, ilipoanza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta yaliyochakachuliwa) 2010, na bei ya mafuta ya taa ilipopandishwa mwaka uliofuata faida yake ikapungua. Lakini kama tatizo lilianza siku uliyonunua dizeli ya dumu kando ya barabara, jibu unalo.

Ukimaliza upande wa kunyonya na presha bado ni ndogo, nenda upande wa kurudi. Kwenye Series 60, mafuta yanapotoka kwenye kichwa cha injini kurudi tangini yanapita kwenye kiunganishi chenye tundu dogo, karibu milimita 2. Tundu hilo ndilo linalobana mafuta mpaka presha ijengeke. Nimeona magari ambayo kiunganishi hicho kilivuja, mtu akakitoa na kuweka cha kawaida kutoka duka la vifaa vya bomba chenye tundu pana. Gari linawaka, linatembea, ila presha haipandi tena, na kila fundi anayekuja analaumu pampu. Kwako presha ni nzuri tambarare, kwa hiyo silipi uzito mkubwa, lakini kukichungulia ni bure.

Na kama kwenye hosi ya kunyonya hakuna hewa lakini mafuta yanayorudi yanatoka na vipovu, ujue kuna nozeli ambayo kikombe chake kimepasuka au haikukaa vizuri, na gesi ya mlipuko inapenya kwenye mafuta. Chovya ncha ya hosi ya kurudi kwenye ndoo yenye dizeli, ncha iwe chini ya mafuta, uangalie injini ikiwa na moto wake wa kawaida. Gesi hiyo inaongezeka injini ikibeba mzigo, na mshale unatetemeka kwa namna ya hasira zaidi kuliko yale mapigo ya kawaida. Hiyo ni kazi ya gereji yenye vifaa, usiifanye njiani.

Sasa pampu yenyewe. Kuna njia moja ya kuihukumu ambayo haihitaji ubishi. Chukua dumu safi lenye dizeli safi, liinue karibu na usawa wa pampu, na hosi fupi nzima ya upana ule ule iende moja kwa moja kwenye mdomo wa kunyonya wa pampu, bila filta ya kwanza wala tangi. Hosi ya kurudi irudishe kwenye dumu hilo hilo, ifungwe isichomoke. Filta ya pili, ile iliyo baada ya pampu, iwe mpya, vinginevyo utaihukumu pampu kwa kosa la filta. Toa hewa, washa, panda mpaka 1,800 uisome ile geji ya mkono. Presha ikisimama vizuri hapo, pampu haina hatia, na tatizo lako liko kati yake na tangi. Ikigoma kupanda hata kwa dumu safi, na kiunganishi cha kurudi ni chenyewe, basi fundi wa Makambako alikuwa sahihi, mlipe. Angalia pia tundu la kutokezea chini ya pampu: dizeli ikidondoka hapo, sili ya shafti imekwisha, na pampu inabadilishwa bila kusubiri kipimo chochote.

Ukipata nafasi, nitumie vitu vitatu: mshale ulielekea wapi ulipochomoa waya wa sensa, geji ya mkono ilisoma ngapi sailensi na kwenye 1,800, na ulichokiona ndani ya hosi angavu. Kama umeme ndio utakaokushinda, mtafute fundi umeme wa magari, si fundi injini, na mwambie kabisa kwamba geji ni ya ohm 240 au ni VDO.